Mahakama ikimwachilia muflisi, deni lake limekwenda wapi?

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SWT), Mola wa viumbe vyote, ambaye mikononi mwake zimo hazina za riziki. Humkunjulia amtakaye na humdhikishia amtakaye kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa kunong'ona, nalo ni kufilisika. Mtu akiugua, majirani huja kumjulia hali. Akifiwa, watu hujaa barazani kwake. Lakini biashara ikimharibikia na madeni yakamlemea, hufunga mlango, huzima simu, na wengine huacha hata sala ya jamaa kwa kuchelea kukutana na wadai wao katika safu. Mke haelewi kinachoendelea mpaka siku dalali anapobisha hodi na karatasi ya mahakama mkononi. Watoto nao hupata habari za baba yao kutoka kwa watoto wenzao.

Hofu na aibu hiyo huzaa makosa ambayo huwa makubwa kuliko kufilisika kwenyewe. Yuko anayekimbilia kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu yake na gari kwa jina la shemeji, ili wadai wakija wasikute kitu. Yuko anayekopa kwa riba leo ili alipe mkopo wa riba wa jana, mpaka kamba ikamzonga shingoni. Na yuko wa tatu, ambaye husikia kwamba mahakama inaweza kumwachilia mtu na madeni yake, akadhani kwamba akishatoka kwa jaji hana tena la kuulizwa, si hapa duniani wala kesho Akhera.

Kwa hiyo tumekusudia kueleza mambo mawili: hatua ambazo sheria ya nchi imeziweka kwa mtu aliyeshindwa kulipa, pamoja na maneno ya kisheria atakayokutana nayo, na msimamo wa dini yetu juu ya deni linalobaki baada ya hatua hizo kwisha. Tutaichukua sheria ya Kenya kuwa mfano. Ndugu zetu wa Tanzania wanayo Sheria yao ya Ufilisi, Sura ya 25, na wao wajielimishe hatua zilizomo humo kwa mawakili wa huko.

Neno hili limetoka wapi?

Maneno muflisi, kufilisi na kufilisika tumeyapokea kutoka katika Kiarabu, na asili yake ni filsi, yaani sarafu ndogo ya shaba. Ndiko lilikotoka pia neno letu fulusi. Wanazuoni wa lugha wanasema muflisi ni mtu aliyekuwa na dinari za dhahabu na dirhamu za fedha, kisha hali ikamgeukia akabaki na vipande vya shaba tu. Ama mafakihi, wao humwita muflisi yule ambaye madeni yake yaliyofika wakati wa kulipwa yanazidi mali aliyo nayo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na duka, shamba na gari, na bado akawa muflisi, kwa kuwa vyote hivyo vikiuzwa havitoshi kulipa anachodaiwa.

Mfano wa Mtume (SAW)

Kufilisika si aibu mpya iliyoletwa na mabenki. Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (RA) kwamba zama za Mtume (SAW) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na janga, akaelemewa na madeni. Mtume (SAW) aliwahimiza watu wamsaidie kwa sadaka. Wakatoa, lakini kilichopatikana hakikutosha kulipa deni lote. Hapo Mtume (SAW) akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Tukiitazama hadithi hiyo vizuri, tutaona mambo matatu. Mtume (SAW) hakumkemea mtu yule wala kumfedhehesha, kwa sababu hasara haikuwa ya uzembe wake. Jamii nzima iliitwa kumsaidia kabla ya wadai kugawana. Na wadai waliwekewa mpaka: wachukue kilichopo, wasimfuate kwa asichokuwa nacho. Huo unaafikiana na muongozo wa Suratul Baqara, aya ya 280, ambamo Mwenyezi Mungu (SWT) anaamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi kwa mwenye kusamehe.

Tofauti na huyo ni mwenye uwezo anayezungusha watu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amekuhesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Kwa hiyo dini yetu imewatenganisha watu wawili ambao mitaani huchanganywa: asiyeweza, huyu huhurumiwa, na asiyetaka, huyu hulazimishwa.

Mafakihi wamesema nini?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wadai wakimshitakia kadhi na ikathibiti kuwa madeni yaliyofika wakati wake yanazidi mali, kadhi humwekea mdaiwa kizuizi kiitwacho hajri. Tangu hapo haruhusiwi kuuza wala kutoa zawadi katika mali ile, kwa kuwa haki za wadai zimeshaingia ndani yake. Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj, kinachosomeshwa katika madarasa yetu, ameeleza hata utaratibu wa kuuza: huanzwa na vitu vinavyohofiwa kuharibika, kisha wanyama, kisha vitu vinavyohamishika, na mwisho ardhi na majumba. Mdaiwa huachiwa mavazi yake, na wale anaowalisha huendelea kupata matumizi yao mpaka siku ya kugawa.

Juu ya nyumba wanazuoni wamehitilafiana. Imamu Shafi na Imamu Malik wanaona nyumba huuzwa, na mdaiwa hutafutiwa ya kukodi. Imamu Ahmad anaona nyumba ambayo hana budi nayo kwa makazi haiuzwi. Naye Imamu Abu Hanifa hakuona kwamba kadhi ana haki ya kumzuia mtu mzima mwenye akili asitumie mali yake kwa sababu ya deni. Aliona afungwe mpaka auze mwenyewe. Lakini wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, hawakukubaliana naye katika hilo.

Tumeyataja hayo ili msomaji ajue kwamba anapoingia katika mahakama ya nchi na kukuta mali yake imewekwa mikononi mwa msimamizi, hajakutana na jambo geni kwa dini yake. Sayyidna Umar (RA) aliwahi kusimama mbele za watu akaeleza habari za Usayfi wa kabila la Juhayna, aliyekuwa akinunua ngamia wa bei kubwa kwa deni ili awatangulie mahujaji wenzake, mpaka akafilisika. Umar akaigawa mali yake kwa wadai, na akawatahadharisha watu na deni kwa kuwa mwanzo wake ni mashaka.

Hatua katika sheria ya Kenya

Sheria inayotumika Kenya ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani iliyokuwa Sura ya 53. Kwanza ieleweke kwamba shauri hili halipelekwi kwa kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka katika hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Ufilisi huamuliwa na Mahakama Kuu.

Zipo njia mbili za kulifikisha shauri huko. Njia ya kwanza ni ya mdai. Yeye humpelekea mdaiwa ilani ya kudai, yaani barua rasmi ya kisheria yenye kutaja kiasi cha deni na kumtaka alipe au afanye mapatano. Mdaiwa anazo siku 21. Hizo si siku za kujificha. Akiona deni si la haki, au limeshalipwa, aende mahakamani mapema aombe ilani itenguliwe. Siku zikipita naye yuko kimya, kimya chake huwa ushahidi dhidi yake kwamba ameshindwa kulipa, na mdai aweza kuomba mahakama itoe amri ya ufilisi.

Njia ya pili ni ya mdaiwa mwenyewe. Aonapo kwamba hawezi tena, huenda mahakamani akajitangaza. Ombi lake huambatana na hati ya hali ya mali, ambayo ndani yake huorodhesha kila anachomiliki, kila anachodaiwa, na majina ya wanaomdai. Hati hii ni amana kubwa. Mwenye kuficha kiwanja kimoja au akiba moja humo amesema uongo mbele ya mahakama na amekula haki za watu.

Mahakama ikitoa amri, habari hutangazwa hadharani, na mali ya muflisi huingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Wadai hawawezi tena kumshitaki mmoja mmoja bila idhini ya mahakama. Wote huwasilisha madai yao kwa msimamizi. Muflisi hubakishiwa vifaa vya lazima vya kazi yake, na samani na mavazi ya lazima ya nyumbani kwake. Fundi cherehani, kwa mfano, hapokonywi cherehani anayojipatia riziki.

Kwa upande mwingine, yapo anayozuiliwa. Hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni au kuendesha biashara kama hapo awali bila ruhusa. Na kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 99, muflisi ambaye hajaachiliwa hawezi kugombea ubunge. Vizuizi hivi havidumu maisha. Sheria inasema muflisi huachiliwa baada ya miaka mitatu tangu alipowasilisha hati ya hali ya mali, iwapo hapana aliyeweka pingamizi lenye sababu. Atakayechelewa kuiwasilisha hati hiyo, miaka yake mitatu huchelewa kuanza.

Maneno yanayowachanganya wengi

Mdai mwenye dhamana ni yule aliyeshika rahani, kama benki iliyoshika hati ya nyumba. Ufilisi haumzuii kuiuza rahani yake. Mdai asiye na dhamana ni yule aliyetoa mali au fedha kwa kuamini neno tu: muuzaji wa jumla, rafiki, jirani. Huyu husubiri mgawo.

Madeni ya kipaumbele ni yale yanayotangulizwa kabla ya mgawo wa wote: gharama za usimamizi, kisha mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa na sheria, kisha baadhi ya kodi za serikali. Sisi tunaona kwamba kutangulizwa kwa mfanyakazi kunaafikiana na mafunzo ya dini yetu, ambayo yametuonya vikali juu ya mwenye kumtumikisha kibarua kisha akamnyima ujira wake.

Mgawo ni kugawana kilichobaki kwa uwiano wa madeni. Tuchukue mfano. Mwenye duka la leso na vitambaa mjini Mombasa anadaiwa na watu watatu: shilingi 1,500,000, shilingi 900,000 na shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Mali yake imeuzwa, yaliyotangulizwa yamelipwa, na zimebaki shilingi 1,200,000. Kila mdai atapata senti 40 katika kila shilingi anayodai: wa kwanza shilingi 600,000, wa pili shilingi 360,000 na wa tatu shilingi 240,000. Haulizwi nani alidai kwa sauti kubwa, wala nani ni jamaa. Hivi ndivyo mafakihi wetu walivyoandika pia. Na tusisahau kwamba katika fiqhi mahari ya mke iliyofika wakati wake nayo ni deni kamili. Mwenye haki hiyo ni mdai miongoni mwa wadai.

Mdhamini ni yule aliyetia saini kwamba fulani akishindwa, yeye atalipa. Wengi hawajui kwamba kuachiliwa kwa muflisi hakumwachilii mdhamini wake. Mdai humgeukia yeye. Ni familia ngapi zimehasimiana kwa saini iliyotiwa upesi upesi barazani, kwa haya ya kumkatalia ndugu! Vivyo hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rahani bila ya ridhaa ya mume au mke mwenzake. Dada zetu, karatasi hiyo mkiletewa, isomeni au msomewe neno kwa neno kabla ya kutia saini. Kumuuliza mume maswali juu ya paa linalowafunika watoto si utovu wa adabu.

Kuvunjwa kwa kampuni si sawa na kufilisika kwa mtu. Kampuni ina njia zake. Wakenya wanakumbuka maduka ya Nakumatt, yaliyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Katika misukosuko ya namna hiyo, wadai wasio na dhamana, wakiwamo wafanyabiashara walioleta bidhaa kwa mkopo, ndio wanaosimama nyuma ya foleni.

Kifungo cha madai ni jambo la kando na ufilisi. Sheria ya mashauri ya madai bado inaruhusu mdaiwa kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, lakini mahakama hutakiwa kwanza imsikilize na itazame kama anao uwezo akakataa kulipa, au hana. Hapa tena tunaikuta ile tofauti aliyotufundisha Mtume (SAW) baina ya asiyeweza na asiyetaka.

Deni limekwenda wapi?

Sasa tunarudi kwenye swali letu. Muflisi wetu mwenye duka la leso amemaliza miaka yake mitatu. Mahakama imemwachilia. Wale watatu walipata shilingi 1,200,000 katika shilingi 3,000,000. Shilingi 1,800,000 zilizobaki ziko wapi?

Mbele ya sheria ya nchi, hakuna tena anayeweza kumburura mahakamani kwa ajili yake, isipokuwa kwa madeni ambayo sheria yenyewe imeyaacha nje, kama yale yaliyopatikana kwa udanganyifu. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu (SWT) mambo ni mengine. Wanazuoni wengi wanasema mgawo wa kadhi hauondoi deni katika dhima ya mdaiwa. Unaondoa tu haki ya kumbana wakati hana. Na kauli ya Mtume (SAW) kwa wadai wa yule mnunuzi wa matunda wameifahamu hivyo: hamna zaidi ya hicho kwa sasa. Akija kupata, haki yao ingalipo.

Ndipo tunapofahamu kwa nini Mtume (SAW), katika siku za mwanzo, alijizuia kumsalia maiti aliyekufa na deni la dinari tatu bila kuacha cha kulilipa, mpaka Abu Qatada (RA) alipolibeba deni hilo mwenyewe. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu milango ya mali, Mtume (SAW) akawa yeye ndiye anayelipa madeni ya waumini waliokufa hali hawakuacha kitu. Deni halikuwa jambo jepesi kwake, ila njia ya kumwokoa mdaiwa ilipopatikana aliifuata.

Ipo lakini njia ambayo humaliza deni duniani na Akhera kwa pamoja, nayo ni mdai mwenyewe kusamehe kwa ridhaa yake. Jaji humfungua mdaiwa kamba za dunia. Mwenye haki ndiye anayeweza kumfungua dhima. Kwa sababu hiyo sisi tunaona kwamba Muislamu aliyelemewa aanze na mapatano kabla ya kuomba amri ya ufilisi. Na sheria ya Kenya imemwachia mlango huo: aweza kupeleka pendekezo kwa wadai wake, kupitia msimamizi mwenye leseni, alipe sehemu ya deni au alipe kidogo kidogo, na wadai wakalipigia kura. Huitwa mapatano ya hiari. Tahadhari moja: kura ya walio wengi humfunga kisheria hata yule aliyepinga, lakini haikuwa ulimi wake uliosamehe. Huyo mdaiwa amfuate amwombe radhi, au aiandike haki yake mpaka atakapoweza.

Mapatano haya yana asili nzuri. Ka'b bin Malik (RA) alimdai Ibn Abi Hadrad (RA) ndani ya msikiti, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (SAW) akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali papo hapo, na Mtume (SAW) akamwamuru yule mwingine ainuke alipe iliyobaki. Shauri likaisha kwa nusu kusamehewa na nusu kulipwa.

Neno moja juu ya riba. Ikiwa deni lilikuwa la riba, rasilmali ndiyo haki ya mkopeshaji mbele ya Mwenyezi Mungu, kama ilivyobainishwa katika Suratul Baqara, aya ya 279. Ziada huenda mahakama ikaihesabu, lakini si katika dhima tunayoizungumza hapa. Mwenye kuingia humo atubu, asirudie.

Wajibu wetu sote

Kwa aliyelemewa tunasema: toka ndani, ndugu yetu. Mwambie mkeo ukweli leo, kabla dalali hajamwambia. Andika kila deni, jina la mwenyewe na kiasi chake, na daftari hilo liwe mahali panapojulikana, kwa kuwa ukifariki warithi hawagawi kitu mpaka madeni yalipwe. Usihamishe mali kwa majina ya watu. Mahakama yaweza kuyatengua hayo, na Mwenyezi Mungu hafichwi jina. Muone wakili mapema, na mwanachuoni unayemwamini. Mtume (SAW) ametufahamisha, kama alivyopokea Bukhari, kwamba anayechukua mali za watu kwa nia ya kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia, na anayechukua kwa nia ya kuangamiza, naye huangamizwa. Nia yako ndiyo rasilmali ambayo hakuna msimamizi anayeweza kuiuza.

Kwa mdai tunasema: haki yako ni haki, wala hapana anayekulazimisha kuisamehe. Lakini zipo bishara kwa anayempa muda mwenye dhiki au akampunguzia, kwamba Mwenyezi Mungu atampa kivuli Siku ambayo hapana kivuli ila Chake.

Na kwa kamati za misikiti na wanaogawa zaka: katika Suratut Tawba, aya ya 60, wenye madeni wametajwa kwa jina lao miongoni mwa makundi manane. Tumezoea kuwapa mafukara na masikini, na hilo ni jema. Lakini yule mwenye duka aliyefunga, anayevaa kanzu iliyopigwa pasi na kuona haya kunyoosha mkono, naye ana fungu lake katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Atafutwe kwa siri, asaidiwe kwa heshima.

Tumalizie kwa aliyowafunza Mtume (SAW) masahaba zake, katika hadithi ya Abu Huraira (RA) iliyopokewa na Muslim. Aliwauliza nani muflisi, wakamjibu kuwa ni asiyekuwa na pesa wala mali. Akawafahamisha kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, hali amemtukana huyu, amemsingizia yule na amekula mali ya mwingine. Watagawiwa mema yake mmoja baada ya mwingine. Yakimalizika kabla ya kulipa, atabebeshwa makosa yao. Ule nao ni mgawo kwa wadai, ila hauna miaka mitatu ya kuachiliwa. Basi aliyefilisika duniani akakiri, akalipa alichoweza na akaomba radhi kwa asichoweza, huyo hajafilisika.

Ewe Mola wetu, tunajikinga Kwako na kulemewa na madeni na kushindwa na watu. Utosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu, uwalipie wenye nia ya kulipa, na uzilainishe nyoyo za wanaodai. Amin.

Wallahu aalam.